Maswali na Majibu: Kifaa cha Wote, Mwenyewe Nani?

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Kisumu, Njoro, Kakamega na kandokando ya ziwa zimeandikwa na watu wasiojuana, lakini zote zinagusa suala moja, nalo ni maabara, mashamba ya majaribio, vyombo na hazina za data zinazotumiwa na taasisi kadhaa kwa pamoja, na watu wanaopaswa kuvizunguka ili vilete manufaa. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Kisumu. Miaka michache iliyopita taasisi yetu ilipata kwa ufadhili mashine ya kusoma vinasaba pamoja na jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa makubaliano kwamba vyuo vyote vya eneo hili vitavitumia. Kampuni iliyotuletea ilitufundisha kwa siku chache ikaondoka. Leo mashine inatumiwa na idara moja tu, na wenzetu wa vyuo vingine bado wanasafirisha sampuli zao Nairobi au ng'ambo. Wakubwa wetu wanasema kinachokosekana ni matangazo. Je, ni kweli?
*Fundi sanifu, Kisumu*

Ndugu fundi, sidhani. Mtafiti wa Maseno, Bondo au Kakamega anayepeleka sampuli zake mbali huwa anajua vizuri kwamba mashine yenu ipo, na mara nyingi aliwahi hata kuja kwenye uzinduzi wake. Asichokijua ni lini atapata zamu, atalipa kiasi gani, na ni nani atakayeketi naye matokeo yakitoka vibaya. Maabara ya Nairobi inampa majibu ya maswali hayo kabla hajafunga kisanduku cha barafu. Ninyi mkiweza kumjibu kwa uhakika uleule, atakuja bila kuitwa, na msipoweza, hata mabango yabandikwe kuanzia Kondele hadi Maseno hayatabadilisha kitu.

Ningeanza na watu ambao sasa hivi wana sampuli kwenye majokofu yao, wala si na wakuu wa idara, kwa kuwa mkuu wa idara huja mkutanoni kutetea idara yake ilhali mwenye sampuli huja kutafuta matokeo. Waiteni waketi pamoja nanyi, kisha muwape mamlaka ya kweli, na hapo ndipo taasisi nyingi husita. Kamati ya watumiaji inayosikilizwa tu na kushukuriwa huvunjika baada ya vikao viwili. Kamati inayopanga ratiba ya zamu, inayopendekeza bei na inayoamua ni ombi gani litangulie siku ambayo maombi mawili yanagongana huendelea kukutana, maana anayekosa kikao anajua kwamba huenda zamu yake ikapewa mwingine. Ratiba yenyewe iwe wazi kwa kila mtu, ili idara inayolala na mashine ionekane.

Bei ni jambo linalowaudhi wengi, lakini kuikwepa kumeua maabara nyingi kuliko umaskini wenyewe. Mashine ikitumiwa bure, vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, vitakwisha katikati ya mwaka, mkataba wa matengenezo hautafanywa upya, na siku umeme utakapokatika usiku hapatakuwa na mafuta ya jenereta ya kuliokoa jokofu lenye sampuli za miaka mingi. Andikeni gharama halisi ya sampuli moja, ikiwemo ile inayoharibika wakati wa kujifunza, kisha mwonyeshe hesabu hiyo hadharani na kuweka kiwango nafuu kwa wanafunzi. Watu hulipa wanapoona fedha zao zinakokwenda. Tena mhimizeni kila mtafiti anayeandika ombi la ruzuku aweke fungu la kutumia maabara yenu, kwa sababu fedha ambazo hazikuombwa mapema ni vigumu kuzipata baadaye.

Sasa nije kwenye mafunzo, ambayo nadhani ndiyo kiini cha barua yako. Mafunzo ya kampuni hulenga mashine: mahali pa kubonyeza, namna ya kuosha, taa nyekundu ina maana gani. Hayo ni ya lazima, ila hayamfanyi mtu kuwa mtafiti wa vinasaba. Mfano mzuri hauko mbali. Pale Nairobi, maabara ya pamoja ya sayansi ya viumbe inayojulikana kama BecA-ILRI Hub ilianza mwaka 2010 mpango wa kuwapokea watafiti kutoka taasisi za kitaifa za Afrika, na kila mmoja huja na mradi wake, na swali lake, kisha hufanya kazi kwa miezi kadhaa bega kwa bega na wenyeji. Anajifunza mashine akiwa na haja nayo, na anaporudi kwao anabaki na watu wa kuwapigia simu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ninyi pia mpeni jembe kila anayekuja kutumia mashine yenu: aandae sampuli zake mwenyewe, ajaze daftari la matumizi, na akishaweza kuendesha bila kusimamiwa amfundishe mwingine mmoja kutoka chuo chake. Kila chuo kikipata mtu wa namna hiyo, maswali madogo yatajibiwa hukohuko na wewe utabaki na yale makubwa.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami nahisi ni kwa adabu. Maabara za pamoja husimama juu ya fundi, lakini fundi ndiye anayesahauliwa wakati wa kupandisha vyeo, kutuma watu kwenye mafunzo na hata kutaja majina katika makala ya utafiti. Wafadhili hununua mashine kwa furaha na kunyamaza wanapoombwa mshahara wa anayeiendesha. Ushirika ulionunua trekta na kukataa kumlipa dereva huishia kuwa na trekta lililoota majani uwanjani, na hakuna mwanachama anayeshangaa. Kamati ya watumiaji itakapokutana kwa mara ya kwanza, pendekeza kanuni kwamba kila makala inayotokana na mashine ile itambue maabara na watu wake kwa majina. Kanuni hiyo haigharimu hata shilingi, na baada ya miaka miwili mtakuwa na orodha ya kumwonyesha mfadhili kwamba mashine inazaa.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mhadhiri, na ninaishi Njoro. Kila mwaka tunaandaa warsha ya watafiti vijana juu ya kutumia vifaa vya pamoja. Wanakuja, wanapata vyeti na marupurupu, tunapiga picha, na baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka kitu. Tufanye nini ili mafunzo yashike?
*Mhadhiri, Njoro*

Mwalimu, umeniandikia ukiwa jirani wa jibu lako. Kituo cha utafiti wa ngano hapo Njoro kilianzishwa mwaka 1927, na kwa miaka hii ya karibuni shamba la KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, limekuwa miongoni mwa mifano bora duniani ya kile unachokitafuta.

Kwa wasomaji wasioijua habari hiyo, aina mpya ya ugonjwa wa kutu ya shina iligunduliwa kwenye ngano nchini Uganda mwaka 1998, ikaja kuitwa Ug99. Kuvu hiyo ilikuwa imeivunja kinga iitwayo Sr31, ambayo ngano nyingi duniani zilikuwa zikiitegemea. Kwa kuwa Njoro kuna kuvu hiyo na hali ya hewa inayoipendelea, tangu mwaka 2005 mbegu kutoka nchi nyingi zimekuwa zikiletwa kupandwa hapo, misimu miwili kwa mwaka, ili ionekane zipi zinastahimili. Katikati na pembeni ya vitalu hupandwa mistari ya ngano dhaifu inayoambukizwa kwa makusudi, ili ugonjwa usambae kwa wote sawasawa. Nchi ambayo haijafikiwa na ugonjwa inaweza kuipima ngano yake hapo bila kuingiza kuvu nyumbani kwake.

Hata hivyo, shamba hilo lisingekuwa na thamani yoyote kama watu wanaolipima wasingekuwa wakiona kwa jicho moja. Alama za kutu hutolewa kwa kutazama: ni asilimia ngapi ya shina imefunikwa, kuanzia sifuri hadi 100, na vipele vyake ni vya aina gani, vidogo vilivyozungukwa na ukavu au vikubwa vinavyomwaga unga. Mtafiti wa India akisema 40 pale ambapo mwenzake wa Ethiopia angesema 60, hapo hakuna data ya pamoja, kuna maoni mawili tu. Ndiyo maana kumekuwa na mafunzo ya kila mwaka yanayowaleta watafiti wa nchi mbalimbali Njoro wakati ugonjwa umekolea shambani. Mtu hutembea kwenye vitalu, anatoa alama, analinganisha na za wenzake na za wakongwe, wanabishana, wanarudi kwenye shina lilelile. Nionavyo mimi, mabishano hayo yana faida kuliko mihadhara yote ya ukumbini, kwa kuwa anayeondoka hapo ameondoka na kipimo kilichokaa machoni mwake, pamoja na watu walioona alichokiona.

Kwa hiyo, Mwalimu, yatazame mafunzo yenu kwa maswali haya. Je, yanafanyika wakati kazi halisi inaendelea, au wakati bajeti inakaribia kurudishwa? Je, mshiriki anashika data itakayotumika kweli, au mazoezi yatakayotupwa? Je, kuna mahali ambapo makosa yake yanaonekana kwa wengine na kusahihishwa? Warsha iliyopangwa Desemba kwa sababu fedha za mwaka zinaisha, ikafanyika hotelini kilomita nyingi kutoka kwenye kifaa chenyewe, haiwezi kushika hata mkialika wahadhiri bora. Vyeti vya kuhudhuria ningevifuta kabisa. Wekeni badala yake cheti cha uwezo, kinachotolewa mshiriki anaporudi baada ya miezi michache na kazi aliyoifanya kwa kifaa hicho, na marupurupu mengine yabaki kwenye safari hiyo ya pili badala ya kumalizwa yote katika ile ya kwanza.

Tena hamko peke yenu katika kaunti yenu. Naivasha kuna kituo kilichofunguliwa mwaka 2013 na KALRO pamoja na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, kwa ajili ya kupima mahindi dhidi ya ugonjwa hatari ulioonekana Bomet mwaka 2011 na kukausha mashamba mazima. Kituo hicho hutumiwa na taasisi za umma na kampuni za mbegu vilevile. Wapelekeni wanafunzi wenu wakaone jinsi washindani wa kibiashara wanavyoweza kupanda mbegu zao katika shamba moja kwa kanuni zilizoandikwa.

Bwana Mhariri, mimi ni mvuvi na mwanachama wa kikundi cha usimamizi wa ufuo hapa Dunga. Watafiti hupita na chombo chao wakipima samaki kwa sauti chini ya maji, na kila baada ya miaka miwili tunahesabiwa mashua, nyavu na injini. Wanatuita washirika. Ushirika gani huu ambao mmoja anauliza na mwingine anajibu tu?
*Mvuvi, Dunga*

Ndugu mvuvi, swali lako ni la haki, na kabla sijalijibu nieleze kwanza kwa nini kazi hiyo inafanywa vile. Mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa saini papo hapo Kisumu, tarehe 30 Juni 1994, na makao yake yako Jinja. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa, mbuta na omena hawana pasipoti, na nchi moja ikipima peke yake itakuwa imepima kipande cha habari. Chombo hurusha mawimbi ya sauti na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa samaki, na ili mwangwi wa Mwanza ulinganishwe na wa Kisumu ni lazima vyombo visawazishwe kwa kipimo kimoja na wanaovitumia wafunzwe kwa mwongozo mmoja. Sensa ya uvuvi, ambayo imekuwa ikifanywa tangu mwaka 2000, nayo hufuata fomu moja katika nchi zote tatu.

Sensa hiyo hutegemea vikundi kama chenu, na hapo ndipo nguvu yenu ilipo. Anayehesabu mashua za Dunga kwa usahihi ni yule anayejua ipi imelala Usoma na ipi imeuzwa Homa Bay. Kwa hiyo, kabla ya zoezi lijalo kiteueni kikundi cha wanachama watakaofunzwa kuhesabu, na muombe mambo mawili kwa maandishi: nakala ya hesabu za ufuo wenu mara zoezi linapoisha, na kikao cha kusomewa matokeo ya ziwa zima, kwa Dholuo na Kiswahili, kabla ya zoezi linalofuata. Msiombe zawadi. Anayepewa fulana hunyamazishwa kwa mwaka mzima, lakini anayeshika nakala ya takwimu anaweza kuuliza kwa nini nyavu haramu zimeongezeka upande fulani, na akauliza akiwa na ushahidi.

Mhariri mpendwa, vijana wenye tabuleti hupita kijijini kwetu kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, na wakati mwingine wanachukua damu ya watoto. Wananieleza ni utafiti wa muda mrefu. Je, nina haki ya kukataa, na sisi tunafaidikaje?
*Mama na mkulima, Kakamega*

Mama, haki hiyo unayo kikamilifu. Unaweza kukataa tangu mwanzo, unaweza kukubali kisha ukabadili nia, na hupaswi kunyimwa matibabu kwa sababu hiyo. Mwombe kijana akuonyeshe barua ya idhini ya utafiti na namba ya simu ya kamati ya maadili, na akishindwa, mwambie arudi nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pia inakulinda, maana habari za afya yako ni data nyeti.

Kuhusu faida, ningependa nikupe mfano wa majirani zako wa Siaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika Asembo na Gem utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyotiwa dawa. Vifo vya watoto wachanga vilipungua, na ikaonekana pia kwamba hata nyumba zisizo na vyandarua zilipata kinga zikiwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa zenye navyo, kwa sababu mbu walikuwa wamepungua. Jambo hilo lisingejulikana bila wazazi waliokubali kuulizwa mara kwa mara nani amezaliwa na nani amefariki. Tangu mwaka 2001 KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na washirika wake wamekuwa na mfumo wa kudumu wa kufuatilia watu na afya katika eneo hilo, na tafiti nyingi za malaria na chanjo zimejengwa juu yake. Mfumo wa namna hiyo nao ni kifaa cha pamoja, ila mashine yake ni familia kama yako.

Ndiyo maana usiridhike na shukrani. Dai kwamba kijiji kiwe na wawakilishi katika kamati ya ushauri ya jamii, na wachaguliwe barazani, wasiwe ni jamaa wa mtu mmoja. Dai matokeo yasomwe hadharani. Na vijana hao wenye tabuleti watoke kijijini kwenu inapowezekana, wafunzwe vizuri, wapewe mikataba inayoeleweka, kwa sababu mtu anayejua kwamba mama fulani amefiwa juzi hatabisha hodi leo kuuliza idadi ya watoto.

Kama una shamba lenye kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nakushauri pia uulize habari za kituo kilichoko Mbita cha icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu. Huko ndiko ulikoendelezwa mtindo wa kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi na mabingobingo pembeni, ili kupambana na kayongo na wadudu wanaotoboa mabua. Wakulima waliofunzwa ndio waliowafunza jirani zao, kwa kuonyeshana shamba kwa shamba, na sehemu kubwa ya mafanikio yake ilitokana na hilo.

Ninasoma shahada ya uzamili Maseno. Nina data za vinasaba lakini hakuna wa kunifundisha kuzichambua, na kompyuta yangu haina nguvu. Nifanye nini?
*Mwanafunzi, Maseno*

Usijifunze peke yako. Mtandao wa Afrika uitwao H3ABioNet ulionyesha njia mwaka 2016, ulipoendesha kozi ya msingi ya uchambuzi wa data za vinasaba katika taasisi 20 za nchi 10 kwa wakati mmoja: wanafunzi walitazama masomo yaliyorekodiwa, wakakutana darasani kwao wakiwa na msaidizi wa mahali, na mwalimu akaunganishwa kwa intaneti kujibu maswali. Tafuta wenzako wachache wenye shida kama yako, ombeni chumba na saa maalumu kila wiki, na mumshirikishe mtu wa idara ya kompyuta, ambaye mara nyingi anajua vizuri mfumo wa kompyuta wa Linux na hajawahi kuulizwa na mwanabiolojia. Chuo chako kikiwa kimeunganishwa na KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo na taasisi za utafiti nchini, muulizeni pia msimamizi wa mtandao ni huduma zipi za seva mnazoweza kupata. Kila mmoja alete data zake mwenyewe.

Shule yetu imewekewa kituo cha kupima hali ya hewa, kimezungushiwa uzio na wanafunzi wanakatazwa kukigusa. Kina faida gani kwetu?
*Mwalimu wa sekondari, Bungoma*

Mwalimu, huenda kituo hicho ni cha mpango wa TAHMO, ambao hupenda kuviweka shuleni kwa sababu kuna ulinzi na kuna watu, na unaolenga kufikisha vituo 20,000 barani Afrika. Uzio uacheni, na msiguse vipimo. Waandikieni wenye kituo, muombe data za shule yenu kwa ajili ya masomo, kisha wanafunzi watengeneze kipimo chao cha mvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa na rula, wakiweke karibu na uzio na wasome kila asubuhi saa tatu. Mwisho wa mwezi walinganishe jedwali lao na la kituo. Tofauti ikiwa ndogo, wamejifunza hesabu na jiografia kwa pamoja. Ikiwa kubwa, msikimbilie kuilaumu chupa: angalieni kutoka nje ya uzio kama kuna majani, kinyesi cha ndege au utando wa buibui kwenye mdomo wa kifaa, piga picha, na uwatumie wahandisi siku hiyohiyo, kwa sababu wao wako mbali na huenda wasijue mapema.